Kabla hujabandika bango la UKIMWI kijijini

Weka bango chini kwanza. Kijana wa kijijini anajua VVU vinaambukizwa vipi. Amesikia shuleni, amesikia redioni, na sisi wauguzi tumemchosha kwa hilo hilo. Kinachomshinda ni kwamba kituo cha afya kiko mbali, kinafungwa mapema, na kwenye benchi la kusubiri ameketi shangazi yake. Kwa hiyo kila kikundi ninachosaidia kukianzisha naanza nacho kwa swali moja: anayehitaji kondomu saa tatu usiku anaipata wapi bila kuonwa?

Usilijibu wewe. Wakusanye vijana, wavulana peke yao na wasichana peke yao, wachore kijiji chao chini kwa kijiti: wanakutana wapi, nani hupita njia ipi, wapi pana giza. Michoro hiyo miwili haifanani kamwe. Wavulana wataonyesha uwanja wa mpira na banda la video. Wasichana wataonyesha kisima, na mara nyingi nyumba ya mtu mzima mwenye fedha, ambayo hakuna mzee wa kijiji angekutajia. Kondomu ziwekwe mahali ambapo mtu ana sababu nyingine ya kufika, tena penye kivuli, maana joto huziharibu.

Halafu chagua waelimishaji rika, yaani vijana watakaowafundisha wenzao. Viongozi watakuletea mtoto wa mwenyekiti na mwanafunzi aliyefaulu. Wapokee kwa adabu, ila wewe unatafuta mtu anayejua kufunga mdomo. Mimi huwachomekea katikati ya maongezi: "Hivi yule mwenzenu aliyeacha shule, ilikuwaje?" Anayeanza kusimulia, simchukui. Anayesema "labda umuulize mwenyewe" ndiye wangu, hata kama magoti yanamtetemeka mbele za watu.

Wazazi na viongozi wa dini waone mapema, uso kwa uso. Wengine hawatataka kondomu itajwe mbele yao. Usibishane nao, waombe wanaloliweza, kama kukemea unyanyapaa na kuwatia moyo wanaotumia dawa. Umri wa kupimwa bila ridhaa ya mzazi hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo ijue sheria ya kwenu kabla kijana hajakuuliza.

Mafunzo yawe mafupi na ya mikono. Kuangalia tarehe, kubonyeza pakiti kuhisi hewa, kubana ncha, kuishika kondomu kwenye pete wakati wa kutoka. Mafuta ya kujipaka hudhoofisha kondomu za mpira. Vilainishi vya maji havina shida. Baada ya hapo ndipo kazi ilipo, nayo ni maneno. Msichana anaweza kujua kila hatua na bado asijue aseme nini akiambiwa, "Kwani huniamini?" Waigize, wacheke, warudie mpaka jibu litoke bila kutafutwa. Na yule anayelipiwa ada na mtu mzima, tafadhali usimhubirie. Mtafutie ada. Hiyo nayo ni kinga, japo haimo kwenye vipeperushi.

Kama kijana atakariri kitu kimoja tu, kiwe saa 72. Aliyebakwa, au aliyepasukiwa na kondomu akiwa na mtu asiyejua hali yake, anatakiwa aanze PEP, dawa ya kuzuia VVU baada ya tukio la hatari, mapema iwezekanavyo ndani ya saa hizo, kisha aimeze kwa siku 28. Kijijini saa hizo huliwa na aibu na safari. Kikundi kijue mapema ni kituo kipi kinatoa PEP hata Jumapili, nani ana pikipiki, na nauli itatoka wapi. Aliyebakwa apelekwe kwenye matibabu bila kusubiri polisi, na msichana aulizie pia dawa ya dharura ya kuzuia mimba.

PrEP, dawa ya kujikinga kabla ya hatari, ni ya asiye na VVU aliye katika hatari, na mtu hupimwa kwanza kabla ya kuanza. Kidonge cha kila siku hukinga vizuri kikimezwa. Shida ni chupa: inafanana na ya ARV, dawa za mwenye VVU, inalia mfukoni, na kufika jioni kijiji kizima kina habari. Mwulize mfamasia kama kuna chombo kingine kinachofaa. Zipo pia sindano, cabotegravir ya kila miezi miwili na lenacapavir ya kila miezi sita, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2022 na 2025. Ulizia kama zimefika kwenu, na usiwaahidi vijana kabla ya kupata jibu.

Vipimo vya kujipima hupendwa kwa sababu mtu hujifungia chumbani. Kikionyesha maambukizi, jibu hilo si la mwisho mpaka lithibitishwe kituoni. Kisipoonyesha, na hatari ilikuwa juzi, basi hakijaisema juzi hiyo. Arudie baada ya miezi mitatu. Anayetumia ARV asikitumie, kinaweza kumdanganya. Mwelimishaji hasomi jibu la mtu bila kuombwa. Na atakayekutwa na VVU aambiwe siku hiyohiyo kwamba akimeza dawa mpaka wingi wa virusi usionekane kwenye kipimo, na ukabaki hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Nimewaona watu waliokwisha kushika kitasa cha mlango wakirudi kuketi kwa ajili ya maneno hayo.

Kwenye daftari la kikundi usiandike jina hata moja. Andika kondomu zilizoondoka, waliopewa rufaa, na waliofika kweli. Mfadhili akidai majina, mpe nambari. Boksi la kondomu likibaki robo, agiza lingine, kwani kijana aliyekuta tupu usiku mmoja hachungulii tena wiki ijayo.