Kufuatilia mwendo wa chembe katika kimiminika kinachogeuka kioo

Nimeandika mwongozo huu baada ya kukaa siku mbili na mwanafunzi mmoja hapa Bukavu, ambaye grafu yake ilipendeza macho lakini haikuwa ya kweli.

Hatua ya 1: Andaa mchanganyiko. Kazi yote ni uigaji wa kompyuta. Tumia modeli ya wanasayansi Kob na Andersen ya mwaka 1995, yaani chembe 800 za aina A na 200 za aina B katika sanduku lenye upande wa vipenyo 9.4 vya chembe A. Usihangaike na chembe za aina moja tu, kwani huganda na kuwa fuwele kabla hujapima lolote. Mimi hutumia LAMMPS, programu iliyo tayari ya kuiga mwendo wa chembe, na sioni sababu ya kujiandikia programu kwa kazi hii.

Hatua ya 2: Anza na halijoto ya 5.0 (kwa vipimo vya modeli), kisha ishushe ngazi kwa ngazi: 1.0, 0.6, 0.5.

Hatua ya 3: Subiri kimiminika kitulie. Hapa ndipo siku zetu mbili zilipokwenda. Nishati ilitulia mapema, mwanafunzi akaamini kwamba kila kitu kimetulia, akaanza kupima. Lakini katika baridi hiyo kila chembe imezingirwa na jirani zake, kama mtu aliyebanwa katika soko la Kadutu: mabega yanatikisika, ila hatua haipigiki mpaka jirani asogee, naye jirani anamngoja mwingine. Kadiri unavyokaribia halijoto ya 0.435, ambayo nadharia huiona kuwa mahali mwendo unapokaribia kukwama, ngoja hiyo hurefuka mno, na ukipima mapema utakuta mwendo wa leo ni mwepesi kuliko wa kesho, kwa sababu sampuli bado inazeeka. Kwa hiyo igawe rekodi yako nusu mbili, kokotoa wastani wa mraba wa umbali ambao chembe zimesogea kwa kila nusu, kisha zilinganishe. Nusu ya pili ikiwa nzito zaidi, tupa zote mbili na uendelee kusubiri. Hakikisha pia kwamba chembe za A zimesogea zaidi ya kipenyo chao, lakini usiridhike na wastani pekee, maana chembe chache zenye kasi huweza kuupandisha ilhali nyingine bado zimefungwa. Tena, kwa kuwa umeme wetu hukatika, hifadhi faili ya kuendelezea kila baada ya hatua 100,000 za muda wa programu, na unapoanza tena usizipe chembe kasi mpya.

Hatua ya 4: Zima thamostati, yaani sehemu ya programu inayoshikilia halijoto, kisha rekodi mahali pa chembe bila kuzirudisha ndani ya sanduku zinapovuka ukuta.

Hatua ya 5: Chora grafu ya wastani ule wa mraba wa umbali dhidi ya muda, kwa skeli ya logi kwenye mihimili yote miwili. Mstari hupanda kwanza kwa mraba wa muda, kisha hulala karibu tambarare, na hicho ndicho kizimba cha majirani chenyewe, halafu hupanda tena kwa uwiano na muda. Kwenye halijoto ya 5.0 tambarare hiyo haipo.

Hatua ya 6: Tafuta muda ambao mgawanyo wa umbali umeachana zaidi na ule wa Gauss (wenye umbo la kengele), kisha paka rangi nyekundu asilimia 5 ya chembe zilizosogea mbali zaidi katika muda huo. Hazitawanyiki ovyo. Kwenye skrini ya mwanafunzi wangu zilijikusanya makundi makundi, na katika kundi moja zilijipanga kama uzi, kila chembe ikiwa imeingia pale pale mwenzake alipotoka.