Jinsi ya Kutofautisha Nepenthes rajah na Machotara Yake
Nepenthes rajah, mmea mla wadudu wa milima ya Kinabalu na Tambuyukon huko Sabah, Malaysia, hutambuliwa kwanza kwa jani: ukono (uzi unaobeba mtungi wa kunasia wadudu) huchomoza upande wa chini, kabla kidogo ya ncha. Kisha tazama kifuniko cha mtungi, ambacho ni kikubwa kuliko mdomo wenyewe. Ukiwa juu ya mita 2,400 hivi, mmea huu unakokutana na N. villosa (spishi nyingine ya Nepenthes), ukaona kifuniko kipana lakini ukingo wa mdomo una mbavu kali zilizoinuka, na mtungi una vinyweleo vingi, hapo umepata chotara la spishi hizo mbili, N. × kinabaluensis. Chini zaidi, mtungi wenye madoadoa huenda ukawa N. × alisaputrana, chotara la N. rajah na spishi nyingine, N. burbidgeae, ila rangi peke yake ni shahidi dhaifu.