Mtu akiacha kazi, usifunge paswedi peke yake

Wenzangu mnaoangalia seva za Linux maskulini na maofisini hapa Unguja na Pemba, mtu akiacha kazi msiishie kwenye amri ya passwd -l, mana ile inafunga paswedi tu, yule akiwa na ufunguo wake wa ssh (njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali) kwenye ~/.ssh/authorized_keys anaingia kama kawaida hata yuko kwao Chake Chake, wala haulizwi paswedi. Andika hivi, pahala pa juma weka jina la akaunti yake:

sudo usermod -L -e 1 juma

Hiyo -e 1 ndo khasa yenye kazi, siku zinahesabiwa kutoka 1 Januari 1970 kwa hivyo seva inaona akaunti imeshakwisha muda tokea tarehe 2 Januari 1970, ufunguo hata uwe sahihi anarudishwa mlangoni. Mafaili yake yote yanabaki, na akirudi kazini ni sudo usermod -U -e "" juma, basi. Ila kufunga huku hakumtoi aliyekwisha kuingia, angalia waliomo kwa amri ya who, ukimuona bado yumo piga sudo pkill -KILL -u juma. Na kama alikuwa anaijua paswedi ya root (akaunti kuu ya seva) ibadilisheni siku hiyo hiyo jamani, hiyo akaunti yake kufungwa haisaidii kitu.