Rubani akianza kuinama, mwogeshe

Kama una vikaragosi vya plastiki vya marubani wa anga za juu na vyombo vyao hapa Kisumu, usiviweke kwenye rafu inayotazama dirisha la magharibi. Jua la saa tisa halina huruma. Plastiki ngumu nyeupe inageuka manjano kama meno ya mvuta sigara, na ile laini ya miguuni inalegea mpaka rubani anainama kama aliyeangusha sarafu.

Aliyeinama hajaharibika. Chemsha maji, epua, yaache yapoe kidogo. Chovya miguu kama nusu dakika, inyooshe kwa vidole, kisha itie papo hapo kwenye maji baridi huku bado umeishikilia. Plastiki inabaki na umbo ililopoa nalo. Usimweke sufuriani juu ya moto, na usisugue rangi. Mwenye betri haogi!

Betri zenyewe toa kabla hujakipanga chombo. Ikivuja ile ya alkalini, futa unga mweupe kwa pamba yenye siki kidogo.

Ukienda soko la Kibuye Jumapili kuchakura mafungu ya mitumba, beba rula. Kampuni ya Kenner ya Marekani ilianza mwaka 1978 kuuza vikaragosi vya takriban sentimita 9.5, kimo kidogo kilichowezesha vyombo vyao kuuzwa kwa bei ya kuvumilika, na wengine wengi wakafuata kipimo hicho. Mimi hupima kiti cha rubani kwanza, ndipo naulizia bei.