Pima paneli yako ya usimamizi: je, namba ya kipindi hubadilika ukiingia?

Fanya haya kwenye mfumo wako, au ule ulioruhusiwa kwa maandishi kuupima.

Tumezoea mdukuzi anayeiba namba ya kipindi (session ID, ambayo seva hukutambua nayo ukishaingia) baada ya msimamizi kuingia. Huyu wa leo anatangulia: anakupachika namba anayoijua, anasubiri uandike nenosiri, kisha anaitumia namba ileile kuingia kama wewe.

Hatua ya 1. Fungua dirisha fiche (incognito), nenda kwenye ukurasa wa kuingia, usiandike chochote. Bonyeza F12 utafute kuki, yaani data ndogo ambazo tovuti huhifadhi kwenye kivinjari (Chrome zimo kwenye Application, Firefox kwenye Storage). Kuki yenye namba ya kipindi PHP huiita PHPSESSID, Java JSESSIONID. Nakili thamani yake. Tuseme inaanzia 7f3a.

Hatua ya 2. Ingia kama msimamizi, tazama tena. Bado 7f3a? Kasoro umeipata.

Hatua ya 3. Imebadilika? Usishangilie bado. Kwenye kivinjari kingine, pachika 7f3a ya zamani na ufungue ukurasa wa ndani. Nimeshakuta paneli inayotoa namba mpya huku ya zamani nayo ikifungua kila kitu. Hapa ndipo wengi huruka.

Hatua ya 4. Toka. Weka kwenye kuki namba uliyoitunga mwenyewe, mfano abc123, upakie ukurasa upya. Seva ikiikubali, mdukuzi hana hata haja ya kuomba namba kwako. Kwa Java, jaribu pia kuongeza ;jsessionid=abc123 kwenye anwani.

Kurekebisha. Kwenye PHP, ita `session_regenerate_id(true)` mara tu nenosiri linapokubaliwa. Hiyo `true` ndiyo inayofuta kipindi cha zamani. Halafu washa `session.use_strict_mode` kwenye php.ini (faili la mipangilio ya PHP), maana huja ikiwa imezimwa. Java kuanzia Servlet 3.1 ina `request.changeSessionId()`. Django (ya Python) hubadilisha yenyewe ndani ya `login()`. Wanaoumia ni wale waliojiandikia njia yao ya kuingia wakaikwepa.

Utaambiwa, "Sisi tuna HttpOnly." Hiyo huzuia skripti kusoma kuki, na huyu mdukuzi hana cha kusoma: namba aliitoa yeye. Kinachosaidia zaidi ni kuipa kuki jina linaloanza na `__Host-`, ili anayedhibiti kikoa tanzu (subdomain) asiweze kuipandikiza kwenye paneli yako.

Ukimaliza, rudia hatua ya 1 hadi ya 4. Kama kuna uthibitisho wa hatua mbili, linganisha namba baada ya nenosiri, kisha tena baada ya msimbo.