Nafasi ya mwanao katika vyuo vidogo vyenye ushindani mkubwa Marekani: hesabu ya kufanya kabla ya Novemba

Kila Septemba, mtoto anapoingia darasa la 12, mzazi wa kwetu aliyeko Minnesota, Texas au Maryland hufungua simu kutafuta namba moja tu: katika kila waombaji 100, chuo hiki huchukua wangapi? Kwa Amherst, Swarthmore au Pomona jibu la miaka ya karibuni ni chini ya 10, na hapo mzazi ama hukata tamaa, ama hujipa moyo kwamba mwanawe ana A tupu, hajawahi kushuka hadi B. Vyuo hivi vya sanaa huria (liberal arts) hufundisha karibu shahada ya kwanza pekee, na ni vidogo kuliko wengi wetu tunavyodhani: Amherst, alikosoma Uhuru Kenyatta, ina wanafunzi wapatao 1,900 kwa miaka yote minne, kwa hiyo viti vya kila mwaka havifiki 500, na wenye alama za juu wanaovigombea ni maelfu. Ile asilimia ni wastani wa watu wasiofanana hata kidogo, na mwanao hayumo ndani yake mpaka ujue yuko kundi gani.

Kundi hilo kwanza huamuliwa na karatasi za ukaazi. Raia na mwenye grinikadi huomba kama Wamarekani wengine, na vyuo vingi tajiri vya aina hii huamua maombi yao bila kuangalia mfuko wa familia. Aliyeko kwa viza, hata kama amesoma Maryland tangu darasa la nne kwa sababu mzazi ana viza ya kazi, huenda akahesabiwa kuwa mwombaji wa kigeni, na kwa waombaji hao vyuo vingi huuliza kwanza ni kiasi gani cha msaada wa fedha kitahitajika. Anayehitaji kingi nafasi yake hupungua, hata kama insha yake ni nzuri. Amherst iliacha kuwapima wageni kwa kigezo hicho mwaka 2008, na Bowdoin ya Maine ikafuata mwaka 2022, lakini vyuo vya namna hiyo ni vichache. Kwa kuwa vyuo havifanani, mwandikie afisa udahili barua pepe fupi, utaje aina ya viza na miaka ambayo mtoto amesoma hapa, uulize atawekwa kundi gani, kisha uhifadhi jibu lake.

Baada ya hapo tafuta waraka unaoitwa Common Data Set, ambao vyuo vingi hutoa kila mwaka, usome sehemu ya C. Humo utakuta idadi ya maombi yote na, mara nyingi, ya wale walioomba katika raundi ya mapema, Early Decision, ambayo tarehe yake ya mwisho kwa kawaida ni mwanzoni au katikati ya Novemba. Tuchukue mfano wa kubuni. Chuo kimepata maombi 10,000 na kudahili 900, yaani asilimia 9. Katika raundi ya mapema waliomba 800, wakapita 240, yaani asilimia 30, huku raundi ya kawaida ikibaki na asilimia 7 hivi. Tofauti hiyo inavutia, ila usiimeze nzima: vyuo hivi huwa na timu nyingi za michezo, na makocha huwataka wachezaji wao waombe mapema. Tukiondoa wanamichezo 100 waliokwisha kuzungumza na kocha, wanabaki 140 kati ya 700, yaani asilimia 20. Bado ni nafuu kubwa. Lakini raundi hiyo ni ahadi, kwa maana kwamba mtoto akikubaliwa huondoa maombi yake kwingine kote, na njia ya kujitoa iliyo wazi ni msaada wa fedha kutotosha. Kwa hiyo usitie saini kabla ya kutumia kikokotoo cha gharama, Net Price Calculator, kilichopo kwenye tovuti ya kila chuo. Familia yenye kipato kidogo iangalie pia QuestBridge, mpango unaowaunganisha wanafunzi wa familia hizo na vyuo vinavyowafadhili, ambao maombi yake hufungwa mwishoni mwa Septemba, wakati wengi wetu bado hatujaanza.

Sasa niseme kosa letu wenyewe. Common App, fomu moja ya mtandaoni inayotumika kuomba vyuo vingi, ina nafasi kumi za shughuli za mwanafunzi, na kila maelezo hayazidi herufi 150. Kijana wangu wa kwanza alijaza klabu mbili za shule alizohudhuria kwa kusuasua, akaacha nafasi nane wazi, kwa kuwa sisi wenyewe tulimfundisha kwamba kazi za nyumbani hazitajwi kwa wageni. Kumbe kwa miaka mitatu alikuwa akiwachukua wadogo zake shuleni saa tisa alasiri, akiwapikia, na kila mwezi akimsindikiza bibi yake hospitalini ili amtafsirie daktari. Fomu ina kundi maalumu la majukumu ya kifamilia, na mdogo wake alipofika zamu yake aliandika hivi: “Namtafsiria bibi kwa daktari kila mwezi, nawapikia wadogo wawili siku tano kwa wiki, saa 15.” Maofisa wa udahili huhesabu muda huo. Insha kuu, isiyozidi maneno 650, nayo si mahali pa kusimulia safari ya baba kutoka kijijini, hata kama ndiyo hadithi tunayoipenda mezani. Msomaji anamtafuta mtoto.

Kuhusu SAT, mtihani wa kitaifa unaotumika katika udahili wa vyuo, nitakuwa mfupi: Bowdoin haijailazimisha tangu mwaka 1969, na vyuo vingine vingi vimefuata, kwa hiyo alama zisizofikia kiwango cha kawaida cha chuo husika zisitumwe pale zisipolazimishwa. Alama za darasani hupimwa kwa kuangalia masomo magumu ambayo shule yenyewe hutoa, na mtoto hahukumiwi kwa somo ambalo shule yake haina.

Fomu za fedha ndipo familia zetu zinapokwama. CSS Profile, fomu ambayo vyuo vingi vya aina hii huitumia kupima msaada wa fedha, huuliza mali zote, kikiwemo kiwanja cha Kibaha na nyumba ya Kitengela iliyosimama kwenye lenta, nawe huna budi kuzitaja hata kama hazikuingizii senti. Pesa unayomtumia mama yako kila mwezi, kwa upande wake, haitaonekana usipoieleza. Iandike katika sehemu ya hali maalumu, ukitumie chuo risiti za miezi 12, useme kwamba nyumba haijaezekwa na haina mpangaji. Maelezo kama hayo huweza kutumwa tena kwa barua Aprili, pale ofa zinapokuja pungufu, kabla ya tarehe 1 Mei ambayo vyuo vingi huitumia kutaka jibu.