Usiandike REFRESH saa nne asubuhi

Duka la jumla ninalolitunzia hifadhidata, ya PostgreSQL, lilikuwa na ripoti ya mauzo inayochukua sekunde arobaini kufunguka. Nikaitengenezea mwonekano uliohifadhiwa (materialized view, yaani matokeo ya swali yaliyokwisha kuhesabiwa na kutunzwa), `mauzo_siku`, ikawa inafunguka papo hapo. Nikavimba kichwa. Nikaupangia REFRESH MATERIALIZED VIEW, amri ya kuuhesabu upya, kila dakika tano, na simu zikaanza: "Kaka, ripoti imeganda."

Amri hiyo ikiandikwa tupu hushika kufuli la ACCESS EXCLUSIVE. Hata anayetaka kusoma tu husubiri mlangoni mpaka hesabu yote iishe.

Kuanzia toleo la 9.4 unaweza kuongeza CONCURRENTLY, wasomaji wasizuiwe. Kwanza weka faharasa ya kipekee, inayohakikisha hakuna mistari miwili inayofanana kwenye safu hizo:

`CREATE UNIQUE INDEX ON mauzo_siku (bidhaa_id, siku);`

Iwe juu ya safu zenyewe, bila WHERE wala fomula, la sivyo amri itakukatalia. Na kama mwonekano uliuunda mtupu kwa WITH NO DATA, ujaze kwanza kwa REFRESH ya kawaida.

Hapo ndipo wengi hupumua, nami nilipumua mapema. CONCURRENTLY haipunguzi kazi. Ikiuzwa sabuni moja, PostgreSQL inahesabu upya mauzo ya miaka yote, inalinganisha na yaliyokuwepo, kisha inafuta na kuingiza kilichobadilika. Mistari iliyofutwa hubaki kama mizoga hadi VACUUM, kazi ya usafi ya PostgreSQL, ipite. Itazame idadi yao, `n_dead_tup`, kwenye `pg_stat_user_tables`.

Pima pia muda wa REFRESH moja kabla ya kupanga ratiba. Yangu ilifika dakika saba. Kroni ya Linux (cron, mpanga ratiba wa kazi) haijui hilo, inarusha nyingine kila dakika tano, nayo inasubiri nyuma ya mwenzake. Foleni ikafika mchana seva ikihema.

Mwishowe niliuachisha kazi mwonekano ule. Mauzo ya hadi jana yanakaa kwenye jedwali la kawaida la muhtasari, linaloongezwa siku moja kila usiku. Ya leo yanahesabiwa papo kwa papo, na UNION ALL inaviunganisha. Ila marejesho yana ukorofi wake: mteja akirudisha mzigo wa wiki iliyopita na ankara ya siku ile ikarekebishwa, siku hiyo lazima ihesabiwe upya. Nimeweka kijijedwali cha tarehe zilizoguswa, na kazi ya usiku huanza na hizo.